Wamama wazalishaji wapewe kibali, wasitishwe

Raiya wenzetu wa Beni,

Boikene, Mayangose, kila mtaa uko na mama mmoja mwenye watu wanagongea mlango usiku. Tuko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na giza likiingia motari hakubali kutoka. Mimba haingojee asubuhi. Chefu wa mtaa anamjua mama huyo, hata muuguzi wa kituo cha afya anamjua. Sheria ndiyo haimujue.

Shemeji ya mwenzetu mmoja alizalia kwake. Damu ikakataa kukata. Mama mzalishaji akaogopa kuwasindikiza hospitali, ju wangemuuliza nani alimtuma kuzalisha. Familia ikafika peke yake, hakuna wa kueleza damu ilianza saa ngapi, ao kama kondo lilitoka lote. Shemeji yuko hai, lakini muda mwingi ulipotea katika kuulizana tu.

Wengine watasema: si wamama waende maternite! Wengi wanaenda. Uchunguzi wa serikali wa 2013-2014 ulikuta watoto 80 kwa 100 wanazaliwa katika vituo, na bado wamama 846 walikufa kwa kila watoto 100.000 waliozaliwa wazima. Tena kuna maternite zenye zinafunga mama na mtoto mpaka fakture ilipwe. Mtu akiona jirani amekaa kule majuma mawili kama mfungwa, atachagua nyumbani.

Hatutetei kila mwenye kushika wembe. Tuko na wadada wenye diploma ya ukunga kutoka ISTM, wamekaa bila kazi kama sisi. Hao wapewe kibali cha kuzalisha nje ya hospitali, na mipaka iandikwe: mapacha, mwenye alipasuliwa mbele, mwenye presha, moja kwa moja hospitali. Matrone wasiosoma waandikishwe, wafundishwe dalili za hatari na kazi ya kusindikiza.

Wauguzi walipata sheria ya Ordre yao Julai 2016. Wadepite wetu, sheria ya mkunga inayotaja kuzalisha nyumbani iko wapi? Tunadai kadi, daftari, vidonge vya misoprostoli (oksitosini inataka frigo, na umeme tunaujua), na hospitali impokee anayesindikiza bila kumuita mharifu.

Jumatatu saa tatu asubuhi tunapeleka barua hii kwenye ofisi ya zoni ya afya. Wamama wazalishaji, mukuje nasi.