Bei ya urani inapanda, deni la Shinkolobwe liko palepale

Kuna maneno yanayotembea sokoni, ndani ya basi, na hata kwenye makambi ya wahami: urani imepanda bei duniani, Kongo ina urani, basi umaskini wa Wakongo unakaribia kwisha. Maneno hayo ni matamu. Ni ya uongo pia, na wanaoyabeba wanapaswa kuambiwa hivyo mchana, mbele ya watu.

Kwanza bei yenyewe. Urani inauzwa kwa ratili, ambayo ni karibu nusu kilo, ikiwa imekwisha kusafishwa na kuwa unga. Mwisho wa 2016 ratili moja ilikuwa karibu dola 20. Januari 2024 ilipita dola 100. Sababu zinajulikana. Vinu vya umeme wa nyuklia vinahitaji kiasi cha tani 65,000 kwa mwaka, lakini mwaka 2022 migodi ya dunia nzima ilitoa karibu tani 49,000 tu. Pengo linajazwa na akiba za zamani, na akiba huisha. Kazakhstan, inayotoa karibu tani mbili kati ya kila tano, ilitangaza kwamba inakosa asidi ya kutosha kwa kazi yake. Niger iliingia katika mapinduzi Julai 2023. Desemba ya mwaka huo, kwenye mkutano wa Dubai juu ya hali ya hewa, mataifa zaidi ya 20 yaliahidi kuongeza umeme wa nyuklia mara tatu kufikia 2050. Tena kuna mfuko mkubwa Canada ambao tangu 2021 unanunua urani na kuiweka tu ghalani, ukingoja bei ipande.

Basi wenye fedha wanaambiana: nunua sasa. Hiyo ni hesabu yao. Lakini ndani ya hesabu hiyo Kongo iko wapi? Haipo. Leo hakuna mgodi wa urani unaofanya kazi kwa sheria katika nchi hii. Mtu wa Toronto anaweza kutajirika kwa urani bila hata jiwe moja kutoka Katanga. Bei ikipanda, mhami aliye chini ya hema hapati hata unga wa kikombe kimoja.

Kongo ilipokuwa ndani ya hesabu, ilipata nini? Karibu na Likasi kuna Shinkolobwe. Mawe yake yalikuwa na urani nyingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, iliyachimba. Mwaka 1940 mkubwa wake, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,200 New York, na mwaka 1942 akawauzia wanajeshi wa Marekani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko. Mwaka 1946 Marekani ilimpa Sengier nishani. Jina lake liko vitabuni. Majina ya Wakongo walioyabeba mawe hayo kwa mikono, nani anayajua? Kabla ya uhuru wa 1960 Wabelgiji walifunga mashimo kwa saruji, wakaenda.

Miaka ya 1990 njaa ilirudisha watu pale. Hawakufuata urani. Walifuata kobalti na shaba, maana ndiyo iliyokuwa na wanunuzi. Walichimba kwa chepeo na nyundo, wakavuta vumbi lenye miali isiyoonekana kwa macho. Januari 2004 agizo la rais lilikataza uchimbaji. Watu waliendelea, kwa sababu agizo halipikwi chunguni. Julai 2004 shimo liliporomoka na kuua watu wanane. Mwezi uliofuata kijiji kikavunjwa na wakaaji wakafukuzwa. Nao walikuwa wahami, ingawa hapakuwa na vita pale. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipofika mwisho wa mwaka huo, walionya juu ya mashimo yanayoweza kuanguka na juu ya miali. Wale waliofukuzwa walibaki na kifua chao na watoto wao.

Wengine watajibu: basi serikali ifungue mgodi, sasa bei ni nzuri. Bei nzuri haingoji mtu. Mgodi mpya wa urani unaweza kuchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kuuza ratili ya kwanza. Mwaka 2007 bei ilifika dola 130 na zaidi, na kila mtu akakimbilia urani. Machi 2009 Areva ya Ufaransa ilitia sahihi makubaliano na serikali kule Kinshasa, siku rais Nicolas Sarkozy alipotembelea Kongo. Machi 2011 ikaja ajali ya Fukushima, Japani ikazima vinu vyake, bei ikaporomoka. Mgodi wa urani haukuzaliwa Kongo. Kule Niger, Areva hiyohiyo ilipata kibali cha Imouraren mwaka 2009, kisha ikasimamisha kazi ikingoja bei irudi. Hata ile dola 100 ya Januari 2024 haikukaa: mwanzoni mwa 2025 ratili ilikuwa imeshuka chini ya dola 70. Anayejenga tumaini la watoto wake juu ya bei hiyo anajenga juu ya mchanga.

Kuna pia matapeli, na hawa ndio wabaya kuliko wote. Wanatembea na kopo zito, wanasema ndani kuna urani, mnunuzi yuko tayari ng'ambo, inabaki dola 200 za safari. Mama aliyeuza mbuzi wake wa mwisho asidanganywe. Vinu vya umeme vinanunua kwa mikataba ya miaka mingi, tani kwa tani, chini ya ukaguzi wa kimataifa. Havinunui kopo la barabarani. Mara nyingi ndani hamna kitu. Kama kweli mna kitu chenye miali, mwenye kulilalia chini ya kitanda anajiua pole pole, na polisi wakimkuta atafungwa.

Wanaotaka kweli kusema juu ya urani waanze na deni. Waliofukuzwa Shinkolobwe mwaka 2004 watafutwe, wapimwe afya, walipwe. Mashimo yazibwe vizuri, na maji ya vijiji vya karibu yapimwe, majibu yasomwe redioni kwa lugha ambayo raia wanaisikia. Mkataba wowote wa kesho utangazwe kabla ya sahihi. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo linalochimbwa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Inadai pia fidia kwa wanaohamishwa. Raia waijue, waidai.

Hayo yakikwisha, ndipo bei ya urani izungumzwe Likasi. Kabla ya hapo, ni bei ya wengine.