Fukuzeni Mbung'o, Msimfungie Mtoto

Ugonjwa ukizuka, amri ya kwanza huwa watoto wabaki nyumbani. Ni amri rahisi kutoa, na wanaoibeba ni watoto. Utafiti wa malale huko Arua na Koboko, nchini Uganda, umeonyesha njia iliyo bora: ugonjwa ukikaa mahali anapopita mtoto, uondoeni ugonjwa hapo kabla ya kumwondoa mtoto.

Mbung'o wanaoeneza malale katika eneo hilo, la West Nile, hukaa vichakani kando ya mito, pale pale watoto wanapochota maji, kuoga na kucheza. Kuwakataza kwenda mtoni kusingewezekana. Kuanzia mwaka 2011, watafiti wa Uganda na wenzao wa Liverpool walisimika kando ya mito ya Arua na Maracha, na baadaye Koboko, vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi uliotiwa dawa. Majaribio ya awali yalipunguza mbung'o kwa zaidi ya asilimia 90. Kazi hiyo, pamoja na kupima na kutibu wagonjwa, iliifikisha Uganda kwenye hatua ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipothibitisha kwamba nchini humo malale aina ya gambiense si tatizo tena la afya ya umma. Mto ulibaki wa watoto.

Wakati wa Uviko mambo yalikwenda kinyume. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na zilifunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 10 Januari 2022. Walikosa masomo, wakakosa na uwanja, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku.

Atakayesema Uviko huenezwa na watu, si mdudu, amesema kweli, na Ebola nayo inaweza kulazimu kufunga shule na viwanja. Hata hivyo maambukizi ya Uviko ni machache zaidi nje kuliko ndani ya vyumba, hivyo michezo ya uwanjani ingestahili kurudi mapema. Wengine husema mtoto wa kijijini hulima na kubeba maji, mazoezi yanamtosha. Jembe huimarisha mwili, ila mchezo humpa pia wenzake na uhuru wa kuchagua. Tena Arua ni jiji tangu 2020, na si kila mtoto wake ana shamba.

Kwa hiyo maafisa wa afya waanze kwa kuuliza ugonjwa unaambukizwa wapi na nini kinaweza kuondolewa hapo. Ikibidi kufunga viwanja, amri hiyo itangazwe pamoja na tarehe ya kupitiwa upya.