Safari ya Farasi na Faida ya Mwenyeji

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alifika kuwinda katika nchi ambayo leo ni Kenya, na mara nyingi alisafiri juu ya farasi. Siku hizo farasi alitumiwa kumfukuza simba mpaka asimame, kisha mwindaji hushuka na kupiga bunduki. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, lakini farasi hawakutoweka. Leo huwachukua wageni wanaotaka kutazama tu, huko Laikipia, katika vilima vya Chyulu, na katika nyanda zilizo kaskazini ya Hifadhi ya Maasai Mara.

Wanyama walao majani humwona farasi kuwa mwenzao. Punda milia na twiga, ambao humkimbia mtu aendaye kwa miguu, humwacha mpanda farasi akaribie. Lakini simba humwona farasi kuwa ni nyama. Kwa hiyo kiongozi hutangulia, wala hapana ruhusa kumpita. Huangalia upepo unakotoka, asije akawashtua tembo au nyati. Usiku farasi hufungwa pamoja karibu na kambi, na walinzi hukesha.

Hata hivyo, adui mkubwa ni wadudu wadogo. Mbung'o huleta nagana. Usubi, ambao huuma zaidi tangu jua kuchwa hata kucha, huleta tauni ya farasi, ambayo huua wengi wa farasi wasiochanjwa. Punda milia huweza kuwa na vijidudu vya tauni hiyo bila kuonekana mgonjwa. Basi mgeni husifu uzuri wa nchi, lakini safari yake imesimama juu ya kazi ya saisi, ambaye huamka mapema, hukagua kwato na mgongo, na hutambua homa kabla farasi hajaanguka.

Yuko mwingine asiyeonekana katika picha za wageni, naye ni mwenye ardhi. Huko Mara wenye mashamba wengi wameunganisha ardhi zao ziwe hifadhi; mojawapo, Mara North, ilianzishwa mwaka 2009. Wenye ardhi hulipwa kodi kwa kadiri ya ekari, nao hukubali kutoweka nyua na kulisha ng'ombe kwa utaratibu. Jambo hilo si dogo kwa mfugaji wakati wa ukame. Tena fedha za wageni si za kutegemewa peke yake: mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia safari, mapato hayo yalianguka, lakini wanyama waliendelea kula majani yale yale.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nyumbu na twiga watabaki katika nyanda hizo ikiwa mwenyeji anapona kweli. Mapatano yaandikwe wazi, kodi ilipwe kwa wakati wake, na mwenye ardhi asiweke sahihi kabla hajasoma.