Mwanafunzi wa sheria akikupigia simu kuhusu kesi yako ya shamba

Unapiga simu kwenye shirika la msaada wa kisheria, na anayekurudia ni mwanafunzi aliyeko chuoni mbali, anayefanya mafunzo kwa vitendo kwa simu na kompyuta. Wasikilizaji wanatuuliza: huyu aaminiwe?

Aaminiwe kwa kazi yake. Anasikiliza maelezo, anatafuta vifungu, anaandaa rasimu ambayo wakili anatakiwa kuipitia. Wakili mwenyewe bado si yeye. Hata akihitimu shahada, Tanzania Bara lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kisha aapishwe. Kwa hiyo barazani hawezi kukuwakilisha.

Sisi tunaukubali utaratibu huu, maana mawakili wengi wako mijini. Tatizo ni kwamba mwanafunzi hauoni mpaka wa shamba lako, anaona ulichomtumia. Picha ya hukumu ikikatwa chini, tarehe imepotea, na tarehe ndiyo roho ya rufaa. Kesi iliyoanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hukatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Mafunzo yake yakiisha katikati, siku hazimsubiri mrithi wake.

Muulize mapema: wakili anayekusimamia ni nani, na namba ya jalada langu ofisini ni ipi? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inalenga wasiomudu wakili, nao huhudumiwa bure. Ukiombwa hela ya “kufungua faili” kwenye namba binafsi, kata simu, piga ofisini.