Mcheza Kwao Atuzwe
Wito kwa wakazi wa Unguja na kwa kila Mtanzania apendaye muziki

Februari ya mwaka 2016 ilipita Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe ikiwa kimya. Hapakuwa na tamasha la muziki la Sauti za Busara. Wasanii walikuwepo, wasikilizaji walikuwepo, kiwanja kilikuwepo. Kilichokosekana ni fedha. Tamasha lililoanza 2004 na kufanyika kila mwaka bila kukatika likasimama kwa sababu michango ya wafadhili haikutosha. Mwaka uliofuata likarudi. Tukashangilia, kisha wengi wetu tukaendelea na shughuli zetu kana kwamba halitasimama tena.

Naandika kuwaomba tusingoje lisimame mara ya pili.

Tuangalie kwanza tulichonacho. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe na chokaa, urithi wa dunia tangu 2000, wala si za kuchorwachorwa. Kwa hiyo sanaa yetu ya mtaani haikai ukutani, hutembea kwa miguu. Siku ya maandamano ya tamasha, kikundi cha beni cha Mbwa Kachoka hupuliza tarumbeta, ngoma zikaitikia, wanasarakasi wakapinduka katikati ya barabara, na watoto wakafuata nyuma hadi upande wa Forodhani. Hapo hakuna tiketi wala mlango. Mzee aliyekaa barazani anaona sawasawa na aliyekuja kwa ndege.

Usiku, ndani ya Ngome, kuna sharti moja ambalo waandaaji wamelishikilia tangu mwanzo: muziki upigwe na kuimbwa papo hapo. Msanii hapandi jukwaani kufuatisha kwa midomo sauti iliyorekodiwa. Sharti hilo lina maana kubwa kwa vijana wetu. Anayejifunza kanuni, udi au fidla katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002, anajua kuna jukwaa nyumbani kwao linalomhitaji mpigaji wa kweli. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarabu aliyetutoka Aprili 2013, aliimba kwenye tamasha hili akiwa na umri ambao wengine hawawezi hata kusimama, na waliotoka nchi nyingine za Afrika walinyamaza kumsikiliza.

Najua yanayosemwa mitaani: lile ni tamasha la wageni. Nayaelewa. Mtu wa mitaa yetu ya Ng'ambo akichungulia akaona sura za kigeni tupu mbele ya jukwaa, atahisi hakualikwa. Lakini tiketi ya Mtanzania imewekwa kwa bei ya chini mno kuliko ya mgeni kutoka ng'ambo ya bahari, kwa makusudi kabisa, ili mwenyeji aingie. Nafasi tusipoikalia sisi, atakaa mwingine, na hatutakuwa na haki ya kulalamika. Wapo pia wenye wasiwasi juu ya heshima na mavazi. Wasiwasi huo ni wa haki, na dawa yake ni wenyeji kuwepo kwa wingi, ili mgeni ajue kwa kututazama namna watu wa hapa wanavyofurahi bila kuvunjiana heshima.

Na fedha? Kwa miaka mingi Ubalozi wa Norway ulibeba sehemu kubwa ya mzigo, na msaada ule ulifika mwisho 2022. Tunaushukuru. Ila jambo linaloishi kwa fedha za mbali hufa kwa uamuzi wa mbali. Sisi tuna mila yetu ya kugharimia muziki. Katika taarabu, wimbo ukikugusa huinuka kitini, ukaenda mbele ya watu wote ukamtuza mwimbaji kwa fedha. Hungoji aje mtu wa nje akutolee. Hicho ndicho tamasha hili linachotuomba.

Basi wewe mkazi, toka na wanao siku ya maandamano, kisha nunua japo tiketi ya usiku mmoja, mapema. Miaka hii Ramadhani inaangukia majira ya Februari, kwa hiyo tarehe za tamasha huweza kusogezwa; fuatilia zikitangazwa, usibaki kuuliza watu wakishaondoka.

Mwalimu, wapeleke wanafunzi wakaone beni na taarabu zikipigwa na watu walio hai. Kijana, jitolee: kupanga viti, kuongoza wageni, kujifunza kazi ya vyombo vya sauti na taa. Ni ufundi unaolisha nyumba.

Ninyi wenye hoteli, wenye boti za Dar es Salaam, mabenki na makampuni ya simu: wiki ile vyumba vinajaa, boti zinajaa, na muuza urojo wa Forodhani anapata chake. Muuza urojo hana cha kudhamini, ninyi mnacho. Wekeni mchango wa mwaka hadi mwaka, ulioandikwa kwenye bajeti, ili waandaaji wajue Agosti watakachokuwa nacho Februari. Na Serikali yetu, inayojivunia tamasha hili mbele ya watalii, ilitengee fungu linaloeleweka.

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wazee. Wachezaji wapo, na hapa ndipo kwao. Tutoe mkono mfukoni, tuingie Ngome Kongwe tukiwa wengi, na tuwatuze wenyewe.