Maradufu Ni Mara Ngapi?

Siku hizi kila kinachokua upesi husemwa kimeongezeka "maradufu". Neno hili lina kipimo chake: ni mara mbili kamili. Asili yake ni Kiarabu, na ndugu yake ni kitenzi rudufu, yaani kutoa nakala, kimoja kikawa viwili. Wala lisiandikwe "mara dufu". Dufu peke yake ni ngoma, au kitu hafifu.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022, watu 5,383,728. Wameongezeka sana, lakini si maradufu. Wala tusiseme wamekithiri, kwani kukithiri kuna harufu ya kupita kiasi. Ndiyo maana rushwa hukithiri, na mazao hustawi.

Mpangaji ndiye wa kuwa macho zaidi. Kodi ikipanda kutoka shilingi 50,000 hadi 70,000, naye akalalamika kwamba imepanda "maradufu", mwenye nyumba atakana kwa haki, na shauri litageuka ubishi wa neno badala ya zile 20,000. Ikifika 100,000, alitamke bila kusita.