MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Mpira ni Kazi, na Kazi Ina Karatasi Zake

Mwezi huu hatuzungumzi juu ya pamba. Tunazungumza juu ya mpira wa miguu. Usishangae. Hapa Somanda, na katika vijiji vingine vya Bariadi ninakopita kwa kazi yangu, wazazi huniuliza swali moja. "Bwana Shamba, kijana wangu hataki jembe. Anataka mpira. Je, mpira ni kazi?"

Jibu langu ni hili. Ndiyo, mpira ni kazi. Lakini ni kazi yenye masharti. Ina msimu wake, kama pamba ilivyo na msimu wake. Na ina karatasi zake. Mkulima asiyeangalia mizani hupunjwa. Mchezaji asiyesoma mkataba naye hupunjwa.

Ili tuelewane vizuri, tumtazame Mtanzania mmoja. Jina lake ni Mbwana Samatta. Wengi wenu mmelisikia jina hili redioni. Leo tusome habari za kazi yake, hatua kwa hatua.

ALIVYOANZA

Samatta alizaliwa tarehe 23 Desemba, 1992. Alikulia Mbagala, Dar es Salaam. Mwaka 2008 alikuwa na klabu ya African Lyon. Hiyo haikuwa klabu kubwa. Hakuanza juu. Alianza mahali alipopata nafasi ya kucheza.

Mwaka 2010 alikwenda Simba. Hapo watu wengi walimwona. Mwaka 2011 Simba ilicheza na TP Mazembe katika mashindano ya klabu za Afrika. TP Mazembe ni klabu ya Lubumbashi, mji wa machimbo ya shaba, kusini mwa Kongo. Simba ilitolewa. Lakini mwaka huo huo Mazembe walimchukua Samatta.

Je, unaona jambo hapo? Timu yake ilishindwa, lakini yeye alipata kazi. Mchezaji huonekana siku ya kushinda na siku ya kushindwa. Kwa hiyo kila siku ni siku ya kazi.

Kijana mwingine angesema, "Kongo? Mimi nataka Ulaya." Samatta alikwenda Kongo. Alikaa huko karibu miaka mitano. Alifanya kazi.

MIAKA YA MAVUNO

Mwaka 2015 Mazembe walifika fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Walicheza na USM Alger ya Algeria. Mchezo wa kwanza ulichezwa Algeria. Mazembe walishinda mabao 2 kwa 1. Mchezo wa pili ulichezwa Lubumbashi tarehe 8 Novemba. Mazembe walishinda 2 kwa 0. Samatta alifunga katika michezo yote miwili. Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu, naye alikuwa mchezaji wa Mazembe wakati huo.

Januari 2016 Samatta alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika. Hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyekuwa ameipata tuzo hiyo kabla yake.

Mwezi huo huo akaenda Ubelgiji, kwenye klabu ya Genk. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Kutoka African Lyon mwaka 2008 hadi Ulaya mwaka 2016 ni miaka minane. Mkorosho ungekuwa umekwisha kuzaa.

Mwaka 2019 Genk walikuwa mabingwa wa Ubelgiji. Samatta alipewa Kiatu cha Ebony. Hiyo ni tuzo ya mchezaji bora wa asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji. Tarehe 5 Novemba, 2019, alifunga bao kwa kichwa katika uwanja wa Liverpool, Uingereza. Genk walifungwa 2 kwa 1 siku hiyo.

Januari 2020 klabu ya Aston Villa ya Uingereza ikamnunua. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Februari alifunga bao katika mchezo wake wa kwanza wa ligi hiyo. Tarehe 1 Machi alifunga tena, katika fainali ya Kombe la Ligi, uwanja wa Wembley. Lakini Manchester City walishinda 2 kwa 1.

MVUA HAINYESHI KILA SIKU

Sasa sikilizeni sehemu ambayo watu hawaisimulii sana.

Baada ya miezi michache tu Aston Villa walimtoa Samatta kwa mkopo. Mkopo wa mchezaji ni nini? Ni kama kuazima ng'ombe wa jembe. Ng'ombe ni wa Masanja, lakini msimu huu analima kwa jirani. Msimu ukiisha, ng'ombe hurudi, au jirani humnunua.

Mwaka 2020 Samatta alikwenda Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Baadaye Fenerbahçe wakamchukua kabisa. Kisha nao wakamtoa kwa mkopo kwenda Antwerp ya Ubelgiji. Kisha akarudi Genk, kwa mkopo tena. Mwaka 2023 alikwenda PAOK ya Ugiriki. Mwaka 2024 PAOK wakawa mabingwa wa nchi hiyo. Mwaka 2025 akaenda Le Havre, Ufaransa.

Kwa hiyo alipanda, akashuka, akapanda tena. Hakuvunjika moyo. Alipoambiwa ahame, alihama akaanza upya, kwa lugha mpya na kwa kocha mpya. Mwaka mmoja mvua ni nzuri. Mwaka mwingine ni jua kali. Mkulima hatupi jembe kwa sababu ya mwaka mmoja.

KLABU NA TAIFA

Mchezaji wa namna hii ana kazi mbili. Ya kwanza ni ya klabu. Klabu ndiyo yenye mkataba naye, na ndiyo inayomlipa mshahara. Ya pili ni ya taifa. Timu ya taifa humwita, na klabu lazima imruhusu katika siku zilizowekwa na FIFA. FIFA ni chama cha mpira cha dunia nzima.

Kwa taifa, mambo yanaweza kuwa magumu hata kama mchezaji ni hodari. Tazama Novemba 2015. Tarehe 8 Samatta alikuwa bingwa wa Afrika na klabu yake. Tarehe 14 Taifa Stars ilicheza na Algeria hapa nchini. Alifunga bao, na mchezo ukaisha 2 kwa 2. Tarehe 17 timu zikarudiana Algeria. Tukafungwa 7 kwa 0.

Mchezaji alikuwa yule yule. Mabao 7 yakaingia. Mtu mmoja hapalilii shamba la kijiji kizima.

Lakini kazi iliendelea. Mwaka 2019 Tanzania ilicheza fainali za Mataifa ya Afrika huko Misri. Mara ya mwisho ilikuwa 1980, huko Nigeria. Ni miaka 39! Nahodha wetu huko Misri alikuwa Samatta. Tulifungwa michezo yote mitatu. Hata hivyo njia ilifunguka. Tukafuzu tena fainali za 2023, zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Tukafuzu tena fainali za 2025, huko Morocco.

KARATASI ZENYEWE

Sasa nazungumza na wewe, mzazi. Mwanao hawezi kufika popote bila karatasi. Na wapo watu wanaopita vijijini wakisema, "Nipe fedha, nitampeleka mtoto wako Ulaya." Mzazi anauza ng'ombe wawili. Mtu yule haonekani tena. Mtoto anabaki kwenye nyumba ya wageni mjini, hana nauli ya kurudi. Basi shika mambo haya matano.

1. Cheti cha kuzaliwa. Mwandikishe mtoto mapema. Uliza ofisi ya kata au kituo cha afya. Andika umri wa kweli. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 17 ilikuwa imefuzu fainali za Afrika. Ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Uongo wa mmoja uliwaponza wote.

2. Umri wa kwenda nje. Kwa sheria za FIFA, klabu ya nchi nyingine hairuhusiwi kumsajili mtoto wa chini ya miaka 18. Yapo masharti machache ya kuruhusu, kwa mfano kama wazazi wenyewe wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Mtu akikuambia atampeleka mwanao wa miaka 15 acheze Ulaya, mwulize, "Kwa sheria ipi?"

3. Wakala. Wakala ni mtu anayemtafutia mchezaji klabu na kumsemea katika mkataba. Wakala wa kweli hufanya mtihani na kupewa leseni ya FIFA. Mwambie akuonyeshe leseni. Kisha peleka jina lake kwenye chama cha mpira cha wilaya, wakusaidie kuuliza TFF. Kama mtoto hajafika miaka 18, lazima mzazi akubali kwa maandishi.

4. Mkataba. Usome wote. Tazama ni wa miaka mingapi. Kijana wa chini ya miaka 18 hafungwi kwa zaidi ya miaka mitatu. Kwa mtu mzima, kwa kawaida ni miaka mitano tu. Tazama mshahara ni kiasi gani, na unalipwa lini. Tazama akivunjika mguu nani atamtibu. Nafasi iliyoachwa wazi usitie sahihi, kwa maana mwingine anaweza kuijaza baadaye. Dai nakala yako, uiweke nyumbani.

5. Daftari la timu ya kijiji. Hili ni la viongozi wa timu. Iandikisheni timu yenu katika chama cha mpira cha wilaya. Wasajilini wachezaji kwa majina na tarehe. Kwa nini? Kwa sababu mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, 5 kwa mia ya fedha hizo ni ya timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi miaka 23.

Tufanye hesabu. Mchezaji ameuzwa kwa shilingi 100,000,000. Fungu la timu zilizomlea ni shilingi 5,000,000. Kwa kila mwaka wa malezi tangu miaka 12 hadi 15, timu hupata shilingi 250,000. Kwa kila mwaka tangu miaka 16 hadi 23, timu hupata shilingi 500,000. Kama timu yenu ilimlea tangu miaka 12 hadi 15, haki yenu ni shilingi 1,000,000. Fedha hizo zingenunua mipira na nyavu. Lakini kama hamkumsajili, mtadai kwa ushahidi gani?

MSIMU NI MFUPI

Jambo la mwisho. Mkulima wa miaka 60 bado analima. Mchezaji wa miaka 35 huitwa mzee. Wengi huacha kabla ya hapo, kwa sababu ya goti au kifundo cha mguu. Na wengi zaidi hawafiki Ligi Kuu kabisa. Kwa hiyo kijana asiache shule kwa ajili ya mpira. Asubuhi asome, jioni acheze. Michezo ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ni mahali pazuri pa kuonekana. Na atakayepata fedha aweke akiba mapema. Ghala hujazwa wakati wa mavuno. Wakati wa njaa ghala halijazwi.

Ndugu msomaji, wewe umejifunza kusoma ukubwani. Wengine walikucheka. Walisema, "Mzee mzima anasoma a, e, i, o, u!" Sasa fikiri. Siku mtu atakapoleta karatasi nyumbani kwako, akisema mwanao atie sahihi hapa, nani ataisoma? Si jirani. Si mwenye karatasi. Utaisoma wewe, mstari kwa mstari, hata kama itakuchukua siku nzima. Kama anakuharakisha, mwambie arudi kesho. Mwenye nia njema atarudi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Watoto wangapi katika kitongoji chenu hawana cheti cha kuzaliwa?

2. Je, timu ya kijiji chenu imeandikishwa wilayani? Daftari la wachezaji linatunzwa na nani?

3. Mtu akija kesho na kusema anatafuta wachezaji, mtamwuliza maswali gani?

Mwezi ujao tutarudi kwenye pamba. Tutazungumza juu ya kung'oa na kuchoma masalia shambani.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu, Somanda